Sauti Inasikika Upande Mmoja? Usikimbilie Kununua Simu Nyingine

Leo siandiki kuhusu viwavijeshi wala bei ya ufuta. Naandika kuhusu simu za intaneti, zile tunazopiga kwa bando badala ya salio, na nitaandika nikiwa na hasira kidogo. Watu wetu hapa Umwe wanapoteza pesa na mazao kwa kosa ambalo si lao, na sisi wataalamu ndio tunaowatwisha.

Nianze na mimi mwenyewe, nisionekane natupia wenzangu mawe.

Msimu mmoja wa maua ya mikorosho, mzee mmoja wa kata hii alinipigia kwa programu ya ushauri ambayo mradi fulani ulituwekea, wakulima kwenye simu zao na mimi kwenye kompyuta ya ofisi. Ikaita, nikapokea.

"Mzee, shikamoo."

Kimya. Halafu nikamsikia, tena vizuri kabisa: "Haloo? Bwana shamba? Haloo?"

Nikajibu kwa sauti mpaka watu wa ofisi ya jirani wakachungulia. Mimi namsikia, yeye hanisikii. Akakata. Nikampigia mimi kwa programu ile ile: akapokea, bado hanisikii, na baada ya kama nusu dakika simu ikakatika yenyewe. Kesho yake nikajaribu tena, haikuita kabisa, ingawa simu yake ilikuwa mkononi na bando lipo. Nikamtumia ujumbe, mjukuu wake akamsomea: spika ya simu yako imekufa, mpelekee fundi.

Fundi akabadilisha spika. Hali ile ile. Fundi akasema sasa ni bodi. Mzee akachukua ufuta aliokuwa ameuweka akisubiri mnada, akauuza kwa kangomba kwa bei ya kutupa, akanunua simu mpya. Akanipigia kwa furaha. Namsikia, hanisikii.

Alichotaka kuniuliza ni kitu kidogo: apulize salfa sasa au asubiri maua yafunguke yote? Jibu ni kwamba ubwiriunga haumsubiri mtu. Unaanza kupuliza pale machipukizi ya maua yanapotoka, alfajiri, umande ukiwepo na upepo ukiwa umelala. Jibu la sekunde kumi. Lilimfikia nilipokwenda shambani kwake kwa pikipiki, na maua yalikuwa yameshakuwa meupe kama yamenyunyiziwa unga wa sembe.

Utaniuliza, mbona hukupiga simu ya kawaida tangu siku ya kwanza? Swali la haki. Sikupiga kwa sababu mradi ulikuwa unahesabu mazungumzo yanayopita kwenye programu yake, na mazungumzo ya simu ya kawaida hayakuingia kwenye ripoti. Nilikuwa natafuta namba ya kujaza kwenye jedwali. Hilo nalibeba mwenyewe.

Spika ya mzee ilikuwa nzima siku zote. Bodi ilikuwa nzima. Kilichokuwa na kasoro ni anwani, na haikuwa anwani ya kwake.

Tuelewane kwanza anwani ni nini

Kila kifaa kwenye intaneti kinahitaji anwani ili kipate majibu. Anwani za mtindo wa zamani, zinazotumika bado sehemu kubwa ya dunia, hazizidi bilioni 4.3. Ghala kuu la dunia la anwani hizo liliisha Februari 2011, na hapa Afrika shirika linalozigawa, AFRINIC, lilianza kuzigawa kwa kipimo mwaka 2017. Kampuni ya simu yenye wateja mamilioni haina anwani ya kumpa kila mmoja. Inafanya nini? Inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mtambo unaofanya kazi hiyo wataalamu wanaiita NAT.

Sasa fikiria shule ya kijijini isiyo na sanduku la posta la kila mwalimu. Wote wanatumia S.L.P. moja ya shule. Mwalimu akiandika barua, karani anaipokea, anaandika kwenye daftari "Mwalimu fulani kamwandikia fulani," anaipeleka. Majibu yakirudi, karani anatazama daftari lake, anajua ni ya nani, anamfikishia. Safi kabisa. Lakini barua ikija kutoka kwa mtu ambaye hakuna mwalimu aliyemwandikia, karani haimjui mwenyewe, anaitupa. Na daftari lenyewe ni dogo: asiyeandika kwa muda, jina lake linafutwa.

Hiyo ndiyo NAT. Si wizi wala si ubaya wa mtu. Kusoma habari, kutazama video, kutuma pesa, vyote vinapita bila shida, kwa sababu wewe ndiye unayeanza kuandika na majibu yanarudi kwa aliyeandika.

Simu ya intaneti ndiyo inayovurugika. Utaratibu ambao programu nyingi za simu za ofisini zinautumia, SIP, ambao toleo lake linalotumika ni la mwaka 2002, unafanya hivi: simu yako inaandika barua ya kumwita mwenzako, na ndani ya barua inaandika "sauti yako niletee hapa," ikitaja anwani inayoijua yenyewe. Na anwani inayoijua ni ile ya ndani! Ni sawa na mwalimu kumwandikia mtu wa Mwanza: "majibu niletee nyumba ya tatu baada ya mwembe." Mwembe upi? Wa Mwanza atautafuta mwembe huko huko Mwanza.

Ndivyo ilivyokuwa. Sauti ya mzee ilinifikia kwa sababu kompyuta ya ofisi fundi wa mradi alikuwa ameiwekea anwani ya umma, inayofikika moja kwa moja. Sauti yangu ilipelekwa kwenye mwembe. Ile kukatika baada ya nusu dakika nayo ina sababu yake: mimi nilipompigia, simu yake ilipokea na kusubiri uthibitisho kutoka kwangu, uthibitisho nao ukapelekwa kwenye anwani ya ndani ukapotea, na utaratibu wa SIP unasema ukikosa uthibitisho kwa sekunde 32 unakata. Na kesho yake kutoita kabisa: daftari la karani lilikuwa limeshafutwa.

Dalili tatu, na kila moja inasema jina la ugonjwa. Nami nikasema spika.

"Mbona WhatsApp inakubali?"

Hili swali ndilo linalowakera sana wenye miradi, na ndilo zuri kuliko yote. Mkulima anasema, simu hii hii, laini hii hii, bando hili hili, napiga WhatsApp namsikia mwanangu wa Mbagala vizuri, nikifungua programu yenu ya ushauri ni kimya. Anajibiwa: mtandao wa huko kwenu mbovu.

Hapana. Mtandao ungekuwa mbovu, WhatsApp nayo ingegoma.

WhatsApp inakubali kwa sababu wenye WhatsApp walijua toka mwanzo kwamba wateja wao wako nyuma ya NAT, wakaweka seva za katikati na wanazilipia. Njia ya moja kwa moja ikikataa, nyote wawili mnapeleka sauti kwenye seva hiyo, inawapokezanya. Ni kama mzigo wa basi. Wewe hujui nyumba ya ndugu yako wa Dar es Salaam, naye hajui ya kwako, lakini wote mnaijua ofisi ya basi. Mzigo unaachwa pale, unachukuliwa pale.

Programu nyingi zinazoletwa vijijini hazina ofisi ya basi. Zilijaribiwa na vijana wawili waliokaa chumba kimoja, kwenye waifai moja, ambako mwembe wa tatu wote wanauona. Ikafanya kazi, wakapiga picha, wakafungua shampeni, wakaja Rufiji.

Na si kwamba dawa haijulikani. Inajulikana miaka mingi. Dawa ya kwanza haina hata gharama: seva isiamini anwani iliyoandikwa ndani ya barua, iangalie muhuri wa juu ya bahasha, ijibu kule sauti ilikotokea. Ya pili, simu iulize kabla ya kupiga, "mnaniona natokea anwani gani?", ndipo iandike hiyo. Hiyo inaitwa STUN, imeandikwa tangu 2003. Lakini makarani wengine wanabadilisha mlango kwa kila anayeandikiwa, hapo STUN haisaidii, inabidi seva ya kupokezana, TURN. Utaratibu wa kujaribu njia zote kwa zamu na kuchukua inayopita unaitwa ICE. Na ya mwisho, simu itume kitu kidogo kila baada ya sekunde ishirini na kitu ili daftari lisifutwe. Waraka wa kitaalamu wa 2007 unataka mitambo isifute kabla ya dakika 2, ila ipo inayofuta baada ya sekunde 30 tu.

Tatizo ni kwamba seva ya kupokezana inakula bando la mwenye mradi. Kwa mfumo wa sauti wa zamani wa G.711, kila upande hutumia kama kilobiti 87 kwa sekunde, yaani kwa dakika moja ya maongezi inayopita katikati ni kama megabaiti 1.3 kwa pande zote mbili. Mifumo mipya kama Opus hutumia chini ya hapo sana. Hesabu mwenyewe: saa nzima ya ushauri haifiki megabaiti 80. Semina moja yenye chai, maandazi na posho ya nauli inalipia maongezi ya kijiji kizima.

Jipime kabla hujampa fundi hata shilingi

Fungua kinasa sauti cha simu yako, sema maneno, jisikilize. Ukijisikia, maiki nzima na spika nzima. Kisha piga simu ya kawaida, ya salio, hata ya nusu dakika. Mkisikilizana, simu yako haina ugonjwa wowote, mtu asikuambie bodi. Kama hata simu ya kawaida husikiki, hapo sawa, nenda kwa fundi, na mara nyingi ni vumbi la pumba tu kwenye kitundu cha maiki.

Baada ya hapo piga WhatsApp. Ikikubali na programu ya mradi ikakataa, umeshapata nusu ya jibu. Nusu ya pili: tafuta mwenye programu hiyo hiyo, mwashe hotspoti kwenye simu moja, nyote muungane humo humo, mpigiane. Mkisikilizana mkiwa kwenye hotspoti moja, na msisikilizane kila mmoja akiwa kwenye laini yake, ni NAT. Usizunguke tena.

Ukitaka ushahidi wa kuonyesha watu, ingia mipangilio ya simu, "Kuhusu simu," utaona anwani ya IP. Ikianza na 10, au 192.168, au 172 ikifuatiwa na namba kati ya 16 na 31, au 100 ikifuatiwa na namba kati ya 64 na 127, hiyo ni anwani ya ndani. Hilo fungu la 100 lilitengwa mwaka 2012 makusudi kwa ajili ya kampuni za mawasiliano kufichia wateja wao. Piga picha ya skrini.

Ukiwa na laini mbili, jaribu ya pili. Kampuni tofauti zina mitambo tofauti, na inawezekana moja ikapita pale nyingine ilipokwama. Hii si tiba, ni kutafuta njia ya kuvuka leo.

Jambo moja linafanana na NAT na si NAT: simu za siku hizi zinaua programu zilizolala ili kutunza chaji. Kama simu haiiti ukiwa umeizima skrini, lakini inaita ukiwa umeiacha programu wazi mbele yako, nenda kwenye mipangilio ya betri uiruhusu programu hiyo isizimwe. Ikiwa imeachwa wazi dakika kadhaa na bado haiiti, rudi kwenye daftari la karani.

Kwa maofisi yenye ruta: kuna kipengele kinaitwa SIP ALG. Kilitengenezwa kusahihisha anwani ndani ya barua, lakini kwenye ruta nyingi kinazisahihisha vibaya na kuharibu hata zilizokuwa sawa. Kizime, jaribu tena.

Wanaouza dawa zisizotibu

Yupo anayekuuzia bando kubwa zaidi. Bando kubwa halibadilishi anwani. Yupo wa kufuta kila kitu kwenye simu na kuanza upya. Utapoteza picha za harusi ya binti yako, na ukimaliza karani ni yule yule.

Yupo anayetoza pesa "kufungua mlango" kwenye ruta. Kufungua mlango kunasaidia pale NAT ni ya ruta yako tu, nyumbani au ofisini. Intaneti yako ikiwa inatoka kwenye laini ya simu, ruta yako iko nyuma ya mtambo wa kampuni. Umefungua mlango wa chumbani wakati geti la nje limefungwa na ufunguo si wako. Ukiona anwani ile ya nje kwenye ruta yenyewe inaanza na 10 au 100.64, mwambie fundi huyo asante na umrudishie vifaa vyake.

Na yupo wa VPN. Hii wakati mwingine inafanya kazi kweli, sikatai, kwa sababu nayo ni kupitia ofisi ya katikati. Lakini hizi za bure hujui nani anasikiliza, na tangu Oktoba 2023 TCRA inataka anayetumia VPN atoe taarifa zake. Kumwingiza bibi wa Umwe kwenye mambo hayo ili tu aulize dawa ya mchwa ni uonevu.

Sisemi kila kimya ni NAT. Wenye ndugu Muscat na Dubai, msihangaike na vipimo vyangu: huko nchi zenyewe zimekuwa zikizuia simu za WhatsApp kwa miaka mingi, na ndiyo maana ujumbe unafika na simu haipiti. Na ile Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, hata vipimo vyote vingekudanganya, nchi nzima ilikuwa inatapatapa. Mwezi kabla yake mafuriko ya Rufiji yalikuwa yamefunika mashamba yetu. Wiki zile watu walihitaji kuuliza kama mbegu waliyobaki nayo wakapande mlau maji yakishuka, na kila dakika ya "haloo, haloo" ilikuwa na uzito wake.

Ninachodai

Kwenu mnaoleta programu za ushauri kwa wakulima. Kabla hamjatuletea, wekeni watu wawili kwenye laini za kampuni mbili tofauti, mmoja Ikwiriri, mwingine Nyamisati anakosubiri boti ya Mafia, wapigiane kwa siku nzima, wakiwa wamesimama nje na si kwenye waifai ya hoteli. Wapokee wote wawili, si kupiga tu. Wakae kimya dakika kumi ndipo wapigiane tena. Wekeni seva ya kupokezana, na iwe Dar es Salaam, ambako kampuni zetu zinakutana kwenye kituo cha TIX, isiwe Ulaya ambako sauti ikienda na kurudi watu wanaanza kukatizana maneno. Na bajeti ya seva hiyo iwe ya kudumu. Msije mkaondoka mradi ukiisha na ofisi ya basi mkaifunga.

Kampuni za mawasiliano nazo zina deni. Anwani za mtindo mpya, IPv6, hazina uhaba; kila simu inaweza kupata ya kwake. Ukiwa mteja, una haki ya kuuliza lini utaipata, na kama unapeleka malalamiko, anza kwa kampuni yenyewe, usipojibiwa TCRA inapokea.

Na kwenu maafisa wenzangu: simu ya programu ikigoma mara mbili, piga ya kawaida. Salio la dakika mbili. Jedwali la mradi liache na pengo, na kwenye safu ya maelezo andika sababu, "sauti upande mmoja, mkulima yuko nyuma ya NAT, programu haina TURN." Andika hivyo hivyo, kila wiki, mpaka mtu huko juu aulize TURN ni kitu gani.

Nimeanza kukusanya orodha ya hapa kwetu ili niipeleke kwenye kikao cha wilaya. Kama limekupata, nitumie ujumbe wenye mambo haya: nani alipiga na nani alipokea, nani hakumsikia mwenzake, ilikatika baada ya sekunde ngapi, laini ya kampuni gani kila upande, na tarakimu mbili za mwanzo za anwani uliyoiona. Majina sihitaji. Mzee wangu wa salfa ameshanipa yake, sekunde 32 kamili, mara tatu, mjukuu alihesabu kwa saa.